Mbwa wa Kilo 70 Atalala Wapi?

Mdogo wangu mmoja anayeishi Goba, Dar es Salaam, ameniandikia barua ndefu. Mumewe ni dereva wa malori ya masafa, anaweza kumaliza wiki nzima hayupo. Watoto ni wawili, na mdogo ndiyo kwanza anajifunza kutembea. Wezi wameingia nyumba mbili mtaani kwao, basi shemeji ameamua waletewe mbwa, tena si mbwa wa hivihivi. Anataka Boerboel, na akikosekana, Great Dane. Muuzaji ameshapatikana, na fundi ameanza kujenga banda la matofali kule nyuma ya nyumba. Swali lake ni moja tu: "Dada, nikubali?"

Mdogo wangu, kubali, ila si kwa mpango huo. Na wengine wenye wazo kama lake naomba mkae tuzungumze, kwa sababu mbwa wa mbegu kubwa nawapenda sana, na inaniuma kuona wanavyoletwa majumbani kwa shangwe, halafu baada ya miaka miwili wanatafutiwa mtu wa kuwachukua bure.

Nianze na hilo banda. Namibia kuna shirika linaitwa Cheetah Conservation Fund. Wafugaji wa huko walikuwa wakiwaua duma ili kuokoa mbuzi na kondoo wao. Tangu mwaka 1994 shirika hilo limekuwa likiwapa wafugaji mbwa wenye asili ya Uturuki, Anatolian Shepherd na Kangal, mbwa wanaofika kilo 50 na kuzidi. Hawafundishwi kupigana na duma. Wanaingizwa zizini wakiwa wadogo, wiki chache baada ya kuzaliwa, wanalala na mbuzi, wanazoea harufu na milio yao. Wakikua, wale mbuzi ndio ndugu zao. Duma akijitokeza, mbwa anasimama kati yake na kundi na kubweka kwa ile sauti nzito, na duma anaondoka, maana duma hapendi kujeruhiwa. Mbuzi wanapona, na duma naye anapona.

Great Dane ana historia inayofanana na hiyo. Ni mbwa wa Wajerumani. Mabwana wa zamani walimtumia kuwinda nguruwe mwitu, na wale waliowapenda zaidi waliwalaza chumbani mwao usiku wawalinde dhidi ya wauaji. Chumbani, mdogo wangu, si nyuma ya jiko. Boerboel naye ni mbwa wa mashamba ya Afrika Kusini, aliyezoea kuishi na familia iliyo mbali na majirani. Mbwa hawa wote hulinda wale waliokua nao, na huo ndio ulinzi wanaoujua.

Sasa sisi tunafanyaje? Tunamfungia mtoto wa mbwa bandani toka ana miezi miwili. Mchana hamwoni mtu isipokuwa kijana anayemsukumia sufuria. Usiku anafunguliwa azunguke uani peke yake. Watoto wa nyumba wanamwogopa, mama hamgusi, baba akirudi safari anabwekewa. Miaka miwili ikipita mna mnyama wa kilo 70 asiyemjua yeyote ndani ya ukuta wenu, na siku lango la banda likisahaulika wazi mchana, mtoto wako kwake ni mgeni sawa na yule mwizi. Huyo si mbwa mkali. Huyo ni mbwa mwenye hofu, na hofu kwenye mwili mkubwa namna ile ni hatari kubwa kuliko wezi wa mtaani.

Kwa hiyo mwambie shemeji banda libaki la kivuli na la kujikinga na mvua, lakini mbwa ashinde barazani na watu. Kama nyumba yenu haitaki kabisa mbwa barazani, na ziko nyumba nyingi nzuri za namna hiyo, basi chukueni mbwa wawili wa kienyeji wenye chanjo. Watabweka vizuri sana, watahimili joto, na hawatakufa kwa upweke. Sisemi hivyo kuwadharau. Mbwa wa kienyeji ni mlinzi hodari, na nyumba nyingi zinazoota mbwa mkubwa zinachohitaji hasa ni sauti ya kuamsha watu.

Lakini ukikubali aishi nanyi, ee, raha yake nakuambia! Sisi tulikuwa na Great Dane jike. Alikuwa na ile tabia yao ya kuegemea: anakuja taratibu, anageuka ubavu, anakulalia mguuni kwa uzito wake wote, anashusha pumzi, basi. Hakuombi chakula wala mchezo, anataka tu mguso. Watu wengi wanadhani mbwa mkubwa ana fujo kubwa. Akishapita ujana, Great Dane ni mtulivu kuliko vijibwa vingi vidogo. Ukimtembeza asubuhi na jioni, mchana kutwa amelala. Habweki ovyo, na akibweka mara moja, kila aliye nje ya geti ameshaelewa. Mama yetu alipokuwa mgonjwa, mbwa yule alihamia mlangoni kwa mama, na kila aliyekuja kumjulia hali ilibidi amruke. Mama alikuwa akitoa mkono nje ya kitanda, kichwa kinamfikia palepale alipo bila yeye kuinama. Mbwa mdogo hawezi kukupa hilo.

Adha za kila siku nitazipitia haraka. Udenda utaufuta ukutani, kwenye kanga na kwenye sare za shule. Mkia wake uko usawa wa meza ya chai, akifurahi vikombe vinaondoka, na wapo wanaoupiga ukutani mpaka unachubuka na kuvuja damu. Samadi yake inahitaji koleo na shimo. Sakafu ya simenti inamwotesha sugu na mifuko ya maji viwikoni, hivyo mtandikie godoro la zamani lililokunjwa mara mbili. Na chochote ulichozoea kukiweka juu ya meza ili mbwa asikifikie, sasa anakifikia.

Penye uzito hasa ni kwenye kumkuza. Mtoto wa Great Dane huzaliwa hata kilo moja hajafika, na akitimiza mwaka anaweza kuwa na kilo 50. Mifupa yake hukomaa kwa mwaka mmoja na nusu hadi miwili. Watu wakiona anavyokua wanaingiwa na tamaa ya kumharakisha: maziwa, mayai, dagaa kwa wingi, unga wa mifupa, dawa za kalsiamu. Usifanye hivyo, nakusihi. Miaka ya 1980 watafiti wa Chuo Kikuu cha Utrecht, Uholanzi, walilisha watoto wa Great Dane chakula chenye kalsiamu nyingi, na mifupa yao ikaharibika. Mtoto wa mbegu hii hana uwezo mzuri wa kukataa kalsiamu iliyozidi, anaifyonza tu. Ukimpa nyama tupu au ugali mtupu nako anaikosa, na miguu inapinda vilevile. Kwa hiyo, kama mfuko unaruhusu, tumia chakula kilichotengenezwa kwa ajili ya watoto wa mbwa wa aina kubwa, bila kuongezea kitu. Kama ni cha kupika nyumbani, daktari wa mifugo akupangie vipimo, akibadilishe kadiri mtoto anavyokua. Muweke mwembamba, ubavu ukipapasa uhisi mbavu bila kubonyeza. Majirani watakuambia humlishi. Waache waseme.

Halafu usimkimbize na pikipiki, usimrushe kutoka juu ya gari, usimzoeze kupanda ngazi mara kwa mara kabla hajafika umri huo wa kukomaa. Na watoto wasimpande mgongoni hata kidogo. Picha inapendeza, ila mgongo wake haukuumbwa kubeba mtu.

Kuhusu unga. Najua wengi wenu mtampikia dona au pumba, na mahindi yaliyoota ukungu, yale ambayo binadamu hali, ndiyo yanayosukumwa kwa mbwa. Mwaka 2016 sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, iliua watu Dodoma na Manyara, kwa hiyo jina hilo mnalijua. Mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika upesi zaidi na sumu hiyo. Afrika Kusini, mwaka 2011, mbwa wengi wa jimbo la Gauteng walikufa kwa chakula cha mbwa kilichokuwa nayo. Kuchemsha hakuiondoi. Na mbwa wa mbegu kubwa anakula sufuria nzima kwa siku, kwa hiyo anaila kwa wingi. Mahindi usiyoweza kumpa mwanao usimpe mbwa.

Sasa naomba kila mwenye mbwa mkubwa, au anayetarajia, asome sehemu hii mara mbili. Kuna ugonjwa wa tumbo kujaa hewa na kujipinda. Unawapata mbwa wenye kifua kirefu, na Great Dane ndiye anayeongoza kwa kuupata. Tumbo linajaa gesi, linajizungusha, njia ya kuingilia na ya kutokea zote zinafunga, damu inashindwa kupita. Bila upasuaji anakufa kwa saa chache. Utamwona amekula vizuri jioni, saa nne usiku anahangaika, analala anaamka, anatazama ubavu wake, mate yanamtoka, anajikamua kutapika na hakitoki kitu. Ubavu ukiupiga kwa vidole unalia kama ngoma. Ukiona kujikamua huko kusikotoa kitu, usisubiri asubuhi, usimnyweshe mafuta, soda wala maziwa. Ondoka.

Na utaondokaje? Hapo ndipo penye kupanga mapema. Bajaji haimchukui. Mwenye gari mtaani aelezwe leo, kabla ya shida, na akubali. Turubai au shuka nzito iwepo, maana mtambeba kama mgonjwa wa machela, watu wawili au watatu. Ulizia kliniki za mifugo zilizo karibu nawe: nani anapokea simu usiku, na nani anaweza kupasua mbwa wa kilo 60 na kuendelea? Si kila kliniki inaweza, na daktari mkweli atakuambia. Wewe ambaye mume yuko njiani kuelekea Tunduma au Lubumbashi, hili linakuhusu kuliko wote.

Kinga zipo, ingawa si kamili. Gawa chakula mara mbili au tatu kwa siku badala ya sinia moja la jioni. Anayefakamia mpunguzie kasi kwa kukitandaza kwenye trei pana. Mwache apumzike kabla na baada ya kula. Zamani watu walishauriwa kuinua bakuli juu ya kigoda ili mbwa mrefu asiiname, lakini utafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, uliotoka mwaka 2000, ulikuta waliokula kwenye bakuli lililoinuliwa walipata ugonjwa huu zaidi. Basi bakuli liwe chini. Pia upo upasuaji wa kulishonea tumbo kwenye ukuta wa ndani wa ubavu ili lisiweze kujizungusha, na mara nyingi hufanywa siku ileile jike anapofungwa uzazi. Ukimpata daktari anayeujua, kwa Great Dane ningeutanguliza kabla ya mapambo yote ya banda.

Joto la Dar, Tanga na Mombasa ni shauri lingine. Mbwa hupoza mwili kwa kuhema, na unyevu wa pwani unamnyima nafuu hiyo. Mwili mkubwa nao hauachii joto upesi. Saint Bernard alizaliwa kwa ajili ya theluji ya milima ya Alps, na wale mbwa wa Caucasian Shepherd wenye manyoya mazito ni wa milima pia. Ukiishi Arusha ya juu, Njombe au Limuru tunaweza kuongea. Kwa pwani, tafadhali, hapana, hata ukipewa bure. Boerboel na Great Dane wana manyoya mafupi, angalau. Watembeze alfajiri na baada ya magharibi, lami ipime kwa mgongo wa kiganja, na maji yawe kwenye ndoo nzito asiyoweza kuipindua. Akihema kwa nguvu huku ulimi umekuwa mwekundu sana na anayumba, mmwagie maji mwili mzima, mpepee, mpeleke kwa daktari.

Mdogo wangu ana mtoto anayejifunza kutembea. Mbwa mkubwa hahitaji kuwa na nia mbaya kumuumiza mtoto wa umri huo, akigeuka tu amemwangusha. Kwa hiyo wawili hao wasiachwe peke yao hata dakika unayokwenda kuzima jiko. Lakini usiwatenganishe. Wazoeane mbele ya macho yako toka mbwa ana wiki nane. Wiki zile za mwanzo, mpaka karibu mwezi wa nne, ndizo mbwa anapojifunza dunia ikoje: mtoto analia, fundi anagonga, mgeni kavaa baibui, bodaboda inapita. Kama chanjo hazijakamilika, mbebe mikononi, aone. Anachokiona kwa amani kipindi hicho hatakiogopa akiwa mkubwa.

Mafunzo yaanze siku anayoingia. Nyumba nzima mkubaliane maneno: kaa, njoo, acha. Si huyu aseme hivi, dada wa kazi aseme vingine. Mbwa wa kilo 10 anayevuta kamba unaweza kumfundisha wakati wowote utakaopata. Wa kilo 70 akikushinda nguvu hutamtoa tena nje, na hapo ndipo anaporudi kuwa mfungwa. Msimfundishe ukali. Wapo vijana wanaolipwa kumpiga na kumchokoza mbwa ili awe mkali, na wanaita mafunzo. Usiwaruhusu geti lako. Umbo lake na sauti yake vimeshafanya kazi hiyo.

Na dada wa kazi, umemuuliza? Yeye ndiye atakayeshinda naye. Kama anamwogopa, au imani yake haimruhusu kuguswa na mate ya mbwa, ni haki yake, na mpango wote lazima umzingatie. Majirani hali kadhalika. Waislamu wengi wa pwani ni wa madhehebu ya Shafii, na mate ya mbwa kwao ni najisi inayotaka kuoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Mbwa wa ulinzi, wa mifugo na wa kuwinda anaruhusiwa kufugwa, hawatakugombeza kwa hilo. Watakugombeza, na kwa haki, akimnusa mtu anayekwenda msikitini. Mshike mkanda mfupi kwenye njia, pisha, salimia.

Chanjo ya kichaa cha mbwa ni kila mwaka, bila kukosa, na kadi uitunze. Akimng'ata mtu, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali hapohapo, hata kama mbwa amechanjwa.

Fedha sitazitaja, bei zinabadilika. Ila jua hesabu inavyokwenda: dawa hupimwa kwa uzito. Vidonge vingi vya minyoo ni kimoja kwa kila kilo 10. Mbwa wa kienyeji anameza kimoja na nusu, wako anameza 7. Dawa ya kupe hivyohivyo, na kupe hawana likizo kwetu. Dawa ya usingizi ya upasuaji hivyohivyo. Bei ya kumnunua ndiyo gharama ndogo kuliko zote.

Lililo gumu kwangu kuliandika ni kwamba hataishi sana. Great Dane huishi miaka 7 hadi 10, Boerboel anaweza kufika 11, Irish Wolfhound mara nyingi hapiti 8. Mwaka 2013 watafiti wakiongozwa na mwanasayansi wa Chuo Kikuu cha Göttingen, Ujerumani, walilinganisha aina 74 za mbwa, wakaona kila kilo 2 zinazoongezeka kwenye mwili hupunguza takriban mwezi mmoja wa maisha. Wakubwa huzeeka mbiombio. Zeus wa Michigan, Great Dane aliyeingia kitabu cha Guinness mwaka 2012 kwa urefu wa sentimita 111.8, alikufa akiwa na miaka 5. Zeus mwingine, wa Texas, aliyepata sifa hiyohiyo baadaye, alikufa mwaka 2023 akiwa na miaka 3, baada ya saratani ya mfupa iliyofanya akatwe mguu. Wa kwetu naye aliondoka kwa saratani ya mfupa. Alianza kuchechemea, tukadhani amejikwaa. Mbwa wa mbegu kubwa akichechemea zaidi ya siku chache, apigwe picha ya eksirei. Na watoto waambiwe mapema, kwa lugha yao, kwamba rafiki huyu ana miaka michache. Mtoto wako wa kutembea leo anaweza kumzika akiwa darasa la pili. Mimi ningemleta hata hivyo, nikijua.

Mdogo wangu, kabla hamjalipa, nendeni kwa muuzaji nyote wanne, na dada wa kazi awe wa tano. Ombeni kumwona mama wa watoto, na baba kama yupo. Mama akiwa anajificha, anatetemeka au anawarukia wageni kwa hasira, watoto wamekwisha kujifunza kwake. Ulizeni ndugu za mama huyo walikufa kwa nini na wakiwa na umri gani, na kama yupo aliyekufa kwa tumbo kujipinda msichukue. Tazameni wazazi wanavyotembea, nyonga zisiyumbe. Mtoto asiwe chini ya wiki nane. Kati ya watoto wote usichukue mnene zaidi wala anayejikunyata pembeni. Chukua yule anayekuja kunusa mkono wa mtoto wako kisha akarudi kucheza. Na muuzaji akisema mama yake yuko mbali, hawezi kuonekana, rudini nyumbani na pesa zenu.